Nguzo za plastiki chakavu zinatoka na pango katikati, nyingine zinakatika kama muhogo mkavu. Nakosea wapi?

NguzoTatu:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua plastiki kwa undani.

Natengeneza nguzo za uzio kwa plastiki chakavu. Ekstruda (mashine ya kuyeyusha na kusukuma plastiki) ni ya skrubu moja, kipenyo milimita 60, ina hita kanda nne. Kalibu ni bomba la chuma la mraba, ndani milimita 100 kwa 100, urefu mita 2. Upande mmoja unafungwa kwenye mdomo wa mashine, upande wa pili una kifuniko cha bolti. Kalibu inajaa kwa dakika kama 20, naitumbukiza kwenye karo la maji, dakika 25 baadaye natoa nguzo.

Malighafi ni madumu ya mafuta ya kula, vizibo vya chupa, ndoo, viti vilivyovunjika, mifuko kiasi, na chochote kigumu wanacholeta waokota makopo. Vinasagwa kwa pamoja, vinaoshwa, vinaanikwa nusu siku, halafu vinaingia hopa (faneli ya kulishia mashine). Hita zote nne nimeweka nyuzi 220.

Nikikata nguzo kwa msumeno nakuta pango katikati, mahali pengine ngumi ya mtoto inaingia. Nguzo nyingi zinajipinda zikishapoa. Nyingine ukizidondosha au ukizipiga msumari zinakatika, na pale zilipokatika plastiki inabanduka tabaka kwa tabaka. Siku nyingine mashine inatoa harufu inayochoma pua, na nimeona kutu ndani ya kalibu ilhali naipaka mafuta.

Swali la mwisho: chupa za maji ndizo rahisi kupata kuliko vyote. Naweza kuziingiza humo humo?

---

Bwana_Joto:

Ongeza joto mkuu. Peleka hadi 250 uji (plastiki iliyoyeyuka) uwe mwepesi, utafika kila kona. Hilo pango ni uji mzito kushindwa kufika katikati.

---

fundi_kalibu:

Bwana Joto, hapo hapana. Uji ungekuwa haufiki, angekosa kona na ncha ya mbali, si katikati. Katikati ndiko unakopita. Tena akipeleka 250 pango litakuwa kubwa zaidi.

NguzoTatu, kabla sijasema zaidi nipe vitu viwili: nguzo moja ina uzito gani, na ukiangalia sehemu iliyokatika unaona nini? Rangi, vipande, ung'avu, chochote.

---

NguzoTatu:

Nimepima tatu: kilo 15.4, 15.3 na 15.5. Sehemu iliyokatika ina vipande vyekundu vya ndoo vinavyobanduka kama ganda, na vitu vidogo vinavyong'aa kama kioo kilichosagwa. Ukivigusa vina kingo kali. Pia kuna matundu madogo madogo kama ya mkate.

---

fundi_kalibu:

Vizuri, uzito wako umeshajibu nusu ya swali.

Kalibu yako inabeba lita 20. HDPE, yaani polietilini ngumu, ile ya madumu, ina gramu kama 950 kwa lita. Ikiwa uji wa nyuzi 200, lita hiyo hiyo ina gramu kama 760 tu. Kwa hiyo ukijaza kalibu hadi pomoni kwa uji umeingiza kilo 15.2 hivi. Ndiyo uzito wako huo. Sasa uji ukiganda unataka kuwa lita 16 badala ya 20. Nje inasinyaa kidogo, asilimia 2 hadi 3 kila upande, kwa hiyo umbo linabaki na lita kama 18 na nusu. Zile lita mbili na ushee zinazobaki lazima zikae mahali. Ganda la nje limeshakuwa gumu kwa sababu ya maji, halikubali kuvutwa ndani. Kiini ndicho kinachopasuka na kuacha pango.

Hujakosea kujaza, basi. Kila kitu kinene cha HDPE kina tabia hii. Kuna njia tatu za kukabiliana nayo, na wengi wanachanganya mbili.

Ya kwanza ni kuendelea kulisha. Kalibu ikijaa usizime skrubu. Ipunguze mwendo na uiache isukume dakika tatu hadi tano, mdomo ukiwa bado wa moto, ili nafasi inayoachwa na kusinyaa ijazwe. Hapa mdomo unatakiwa uwe mpana, milimita 30 au zaidi, na uwe na hita yake. Mdomo mwembamba unaganda kabla ya kiini na kazi inaishia hapo. Ila angalia shinikizo. Baa 20 kwenye kifuniko cha sentimita 10 kwa 10 ni nguvu ya tani 2, na kuta bapa za bomba la mraba zitavimba kabla ya hapo. Weka geji. Usisimame mbele ya kifuniko kalibu inapojazwa, hata kama umekaza bolti mwenyewe.

Ya pili ni kupunguza joto. 220 kote ni kingi. Kwa HDPE anza na 150 kwenye koo la hopa, kisha 170, 185, na 190 mdomoni. Kumbuka kipimo cha hita kinasoma chuma, hakisomi uji. Msuguano wa skrubu peke yake unaweza kuongeza nyuzi 10 hadi 20, kwa hiyo chomeka kipimajoto cha sindano kwenye uji unaotoka uone ukweli. Koo la hopa lipozwe kwa maji, la sivyo chenga (plastiki iliyosagwa) zinalainika mlangoni, zinashikana na kuziba.

Ya tatu ndiyo wanayotumia sana watengenezaji wa mbao za plastiki: dawa ya kuumua. Inaitwa azodikabonamidi, unga wa njano, na unapofika karibu nyuzi 200 unaachia gesi ambayo nyingi ni naitrojeni. Ukichanganya na zinki oksidi unaachia gesi chini ya hapo. Kiasi ni gramu 3 hadi 5 kwa kilo moja ya chenga, si zaidi. Gesi inasukuma kutoka ndani wakati plastiki inasinyaa, na badala ya pango moja kubwa unapata kiini chenye vitundu vidogo kama sponji, ganda la nje likibaki zima. Nguzo inakuwa nyepesi kidogo na inashika skrubu vizuri. Nunua iliyoshachanganywa kwenye punje za plastiki. Ule unga mkavu ukiuvuta unaharibu mapafu, kuna watu wanapata pumu ya kudumu.

Na kifuniko cha mwisho kitobolewe tundu la milimita 2 au 3 kwenye kona ya juu. Hewa isipotoka, inabaki ndani.

Kupinda: dakika 25 hazitoshi. Unene wa milimita 100 ni mwingi mno. Kumbuka muda wa kupoa unakwenda kwa mraba wa unene: ukiongeza unene mara mbili, muda unazidi mara nne. Unapoitoa kiini bado ni uji, na joto lake linarudi kulainisha ganda. Iache saa nzima. Kama kujaza ni dakika 20 na kupoza ni 60, kalibu nne zitakufanya usisubiri hata dakika moja. Halafu izamishe yote. Kalibu iliyozama nusu inapoa chini kwanza, na nguzo inapinda kuelekea upande uliopoa mwisho. Angalia zako, nadhani utakuta tumbo la mpindo liko upande uliokuwa majini.

Kuvunjika na kubanduka ni suala la uchambuzi. Hapo nawaachia wenye chenga.

---

MamaChenga:

Nimeitwa, nimekuja.

NguzoTatu, kosa lako kubwa ni neno "kwa pamoja". Ukishasaga vyote pamoja umegeuza plastiki tano kuwa tatizo moja. Chambua zikiwa bado vyombo, kwa sababu chombo kinakwambia kilivyo, chenga haisemi kitu.

Zile namba kwenye pembetatu, zilizoanzishwa Marekani mwaka 1988, ni pa kuanzia: 1 ni PET (ya chupa za maji), 2 HDPE, 3 PVC (ya mabomba), 4 LDPE (polietilini laini), 5 PP (polipropilini), 6 PS (polistirini), na 7 ni kapu la zilizobaki. Lakini nusu ya vyombo unavyoletewa havina namba au imefutika. Kwa hiyo jifunze kwa kushika.

Madumu ya mafuta ya lita 20 ni HDPE. Kreti za soda ni HDPE. Vizibo vya chupa za maji, vile visivyo na kipande laini cha kuzibia ndani, karibu vyote HDPE. Mabeseni na viti ni PP. Ndoo zenye mfuniko ni mchanganyiko, nyingine PP na nyingine HDPE, hizo usibahatishe. Viroba vya unga na vya sukari ni PP. Vikombe vyembamba vinavyopasuka kwa mlio kama bati na kuacha mstari mweupe ni PS. Matangi makubwa ya maji ni polietilini laini iliyosagwa unga na kuzungushwa ndani ya tanuri. Hiyo inakaa vizuri na madumu.

Mifuko nayo iangalie upya. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Zamani ukiambiwa mfuko ulijua ni polietilini. Leo mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa, ni PP. Watu wanauona kitambaa, wanautupa kwenye rundo la nailoni. (Na nailoni ya kweli siyo mfuko kabisa, ni ile ya mishipi na nyavu za kuvulia. Inazama majini na inayeyuka juu ya nyuzi 215.)

Kwa nini PP na HDPE zigombane wakati zote zinaelea na zinafanana? HDPE inayeyuka karibu nyuzi 130, PP karibu 165. Kwenye mashine ya 220 zote zitakuwa uji, lakini hazichanganyiki, ni kama maji na mafuta. Zikiganda zinakaa tabaka juu ya tabaka bila kushikana. Ndiyo hayo maganda mekundu yanayobanduka. PP kidogo ndani ya HDPE, chini ya sehemu moja kwa kumi, nguzo inavumilia. Nusu kwa nusu ni kuomba ivunjike.

Kuzitofautisha ndoo, chukua kikombe cha mafuta ya alizeti. Lita moja ya mafuta hayo ina gramu 920 hivi, PP ina kama 905, HDPE ina 945 kupanda. Kata kipande cha ukubwa wa ukucha, kifute maji, kizamishe kwa kijiti, kiguseguse hadi viputo vya hewa viachie, kisha subiri. Mafuta yanatiririka polepole, yape dakika nzima. PP inapanda, HDPE inakaa chini. Ukikosa mafuta tumia spiriti ya asilimia 70: sehemu 5 za spiriti kwa sehemu 2 za maji, unapata kimiminika cha gramu 930 kwa lita na jibu linakuja haraka zaidi. Mbali na moto lakini.

Kwa chenga zilizokwishasagwa, maji ya kawaida yanatosha kwa hatua ya kwanza. Pipa la maji, chenga za milimita 8 hadi 12, na matone machache ya sabuni. Sabuni watu wanaidharau, lakini bila hiyo chenga nyepesi ya PET inaelea kwa sababu ya viputo vilivyoishika, nawe unadhani ni HDPE. Koroga, tulia dakika mbili, chota za juu. Zinazoelea ni HDPE, LDPE na PP. Zinazozama ni PET, PVC, PS na nailoni. Ukitaka kuitoa PS, rudisha zilizozama kwenye maji ya chumvi, kilo 1 ya chumvi kwa lita 8. PS inapanda, PET na PVC zinabaki chini.

Mtego mmoja: viti. Kiti cha PP mara nyingi kimetiwa unga wa chokaa ili kiwe kigumu na cha bei nafuu, na chokaa ikizidi kipande kinazama ingawa ni PP. Kiti kinachozama usikitie kwenye nguzo. Kinaongeza ukavu.

Hivyo vinavyong'aa kama kioo kilichosagwa ni PET. PET haiyeyuki hadi nyuzi 250 na zaidi. Kwenye 220 imepita nzima kama kokoto, na kila kokoto ni mwanzo wa ufa.

Matundu ya mkate ni maji. HDPE yenyewe hainywi maji, ila chenga zilizooshwa zinabeba maji juu yake na kwenye mikunjo. Nusu siku ya kuanika wakati wa masika haitoshi. Pima kilo 1 ya chenga, ziweke kwenye oveni ya nyuzi 80 kwa saa moja, pima tena. Zikipungua zaidi ya gramu 2 bado ni mbichi. Lebo za karatasi na gundi nazo zinatoa gesi na makaa. Zibandue kabla ya kusaga, na weka chujio la waya mbele ya skrubu. Geji ikianza kupanda bila sababu, chujio limejaa.

---

Polima_K:

MamaChenga amemaliza mengi, nitagusa mawili tu.

Harufu inayochoma pua na kutu ndani ya kalibu: hiyo ni PVC. Ikipata joto hilo bila dawa zake za kuilinda, inaachia gesi ya haidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya haidrokloriki, ile ile ya maabara. Inakula chuma cha kalibu, inakula skrubu, na mapafu yako inayafanyia vivyo hivyo. Mafuta unayopaka hayazuii chochote.

Inatoka wapi? Vipande vya mabomba ya maji, ganda la nyaya za umeme, soli za viatu, mapazia ya bafuni, na wakati mwingine lebo ya plastiki inayobana chupa kama soksi. PVC na PET zote zinazama, hata kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo pipa halitakusaidia kuzitenga. Tumia waya mnene wa shaba. Upashe moto hadi uwe mwekundu na moto usiwe na rangi, uguse kwenye kipande ili plastiki kidogo ishike, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kuna klorini, na kwa vyombo vya mtaani hiyo ni PVC. Fanyia nje, upande ambao upepo unatoka kwako.

Harufu ikitokea katikati ya kazi, usizime mashine na kuondoka. PVC ikiachwa kwenye silinda ya moto inaungua na kuwa makaa magumu. Fungua madirisha, shusha joto hadi 180, pitisha chenga safi za HDPE mfululizo hadi uji utoke safi, ndipo uzime. Na kitu kimoja kisikutane kamwe na PVC kwenye silinda: plastiki ya asetali, nyeupe, ngumu, inayoteleza, ya gia ndogo na baadhi ya vipande vya bomba la maji. Asidi ya PVC inaifanya isambaratike ghafla kuwa gesi ya fomaldehaidi, na shinikizo linaweza kuurusha uji nje kupitia hopa. Ndiyo maana "chochote kigumu" ni sera mbaya ya kununua.

Chupa za maji: hapana. Tuseme umepandisha hadi 270 ili PET iyeyuke. Polietilini itaanza kutoa moshi, chembe yoyote ya PVC itaoza papo hapo, na PET yenyewe itakuangusha kwa njia mbili. Moja, inaogopa maji kuliko plastiki zote zinazofika kwako. Inanywa unyevu wa hewa, na ikiyeyuka ikiwa na unyevu minyororo yake inakatwakatwa. Viwandani wanaikausha kwa hewa kavu ya nyuzi 160 hadi 170 kwa saa 4 hadi 6, hadi unyevu uwe chini ya gramu 50 kwa tani. Jua haliwezi hilo. Mbili, chupa ni angavu kwa sababu ukuta wake mwembamba umepozwa haraka. Nguzo ya milimita 100 itapoa polepole, PET igande kwa fuwele, iwe nyeupe na ya kuvunjika kama kaure.

Zikanyage, toa vizibo (hivyo ni vyako, HDPE safi), zifunge robota na uuze kwa wanaotengeneza nyuzi au kamba za kufungia mizigo. Rangi zitenge. Angavu ina bei, kijani kidogo, mchanganyiko unauza kwa shida.

---

Jirani_wa_Kisauni:

Samahani NguzoTatu kwa kudandia uzi wako. Nina mashine ndogo ya kudunga (inasukuma uji kwa nguvu ndani ya kalibu), natengeneza vibanio vya nguo. Chenga za madumu, safi kabisa, HDPE tupu. Kibanio hakijai, ncha inatoka fupi. Vizibo vinajaa vizuri. Zote si namba 2?

---

fundi_kalibu:

Namba 2 inakwambia familia, haikwambii daraja. Dumu limepulizwa: uji unashuka kama bomba laini, kalibu inaubana pande mbili, hewa ya baa 6 au 7 inaupanua hadi ukutani. Uji mwepesi ungechuruzika kabla kalibu haijafunga, kwa hiyo HDPE ya madumu ina minyororo mirefu na inatiririka kwa taabu. Kizibo kimedungwa, uji wake unapaswa kupenya kwenye njia nyembamba ndani ya sekunde chache, kwa hiyo wanatumia daraja linalotiririka.

Kipimo cha kutiririka ni gramu zinazopita kwenye tundu maalumu kwa dakika 10, kwa nyuzi 190 na uzito wa kilo 2.16. HDPE za kudunga zinaanzia gramu 4 hivi hadi 20. HDPE ya chupa za kupuliza ni kama 0.3, na ya madumu makubwa ni chini ya hapo.

Huna kifaa hicho, basi geuza chombo uangalie tako. Ukiona mstari wa mshono uliobanwa, kimepulizwa. Ukiona nukta moja katikati palipoingilia uji, kimedungwa. Usidanganywe na chupa ya maji, nayo ina nukta, kwa sababu ilianza kama mche uliodungwa, kisha ukapashwa moto, ukavutwa na kupulizwa kwa shinikizo linalofika baa 40.

Vibanio vyako vifanye kwa vizibo na kreti. Madumu mpe NguzoTatu: kwenye nguzo ule ugumu wa kutiririka hauna shida, na minyororo mirefu ndiyo inayozuia kukatika. Ukilazimisha madumu kwenye kalibu ndogo utapandisha joto hadi uyachome.

---

Jirani_wa_Kisauni:

Nimeangalia dumu na kreti, mstari na nukta, kama ulivyosema. Shukrani mkuu.

---

NguzoTatu:

Asanteni sana wote. Mpindo nimeuangalia, tumbo liko upande wa majini kweli. Yamebaki mawili. Wateja wanauliza nguzo itakaa juani miaka mingapi, nami huwa natia unga wa mkaa ili iwe nyeusi. Je, unasaidia? Na misumari: hata nguzo nzima ikipigwa msumari wa nchi nne wakati mwingine inapasuka.

---

Polima_K:

Unga wa mkaa unatia rangi, hautoi kinga. Kinachozuia jua ni masizi ya kiwandani, yale yanayotiwa kwenye mabomba meusi ya maji, chembe zake ni ndogo mno kuliko chochote unachoweza kutwanga. Kwa mabomba kiasi ni asilimia 2 hadi 2.5. Yanauzwa yakiwa punje za masta bachi, yaani plastiki iliyokolezwa masizi. Soma kwenye mfuko ina masizi asilimia ngapi. Ikiwa 40, kilo 5 kwa kila kilo 95 za chenga zinakupa asilimia 2. Changanya kwenye ngoma kabla ya hopa. Mistari ya kijivu kwenye mkato wa nguzo ni dalili kwamba hayajasambaa, na penye mstari huo jua litaingia. Miaka usimwahidi mteja kwa chenga usizojua zilikaa juani muda gani kabla ya kukufikia. Dumu lililofifia na kuacha unga mweupe kidoleni usilichukue.

---

MamaChenga:

Msumari usipige, toboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 6 toboa milimita 4.5, tumia skrubu zenye meno mapana ya mbao. Keekee iende polepole, ikienda kasi plastiki inayeyuka na kushika kwenye ncha. Mbao za kulala za uzio ziachie nafasi kwenye maungio: polietilini ya mita 2 ikitoka baridi ya alfajiri hadi jua la saa nane, tofauti ya nyuzi 30 kwenye mwili wake, inarefuka karibu milimita 9. Ukibana ncha zote mbili itapinda katikati hata kama nguzo ni nzuri. Tundu la upande mmoja lifanye refu kama yai ili skrubu iweze kuteleza.

---

NguzoTatu:

Nimeelewa. Kesho nabadilisha joto na kutenga viti. Sasa silinda ina uchafu wote wa zamani, nianzeje?

---

fundi_kalibu:

Washa hita peke yake, subiri dakika 45 hadi saa moja kabla ya kugusa swichi ya mota. Plastiki iliyoganda ndani inashika skrubu kama saruji. Ukizungusha ikiwa baridi unakata skrubu au unavunja beringi ya nyuma. Kwa mara hii ya kwanza pandisha hadi 220 ulikokuwa, ili PP ya zamani ilainike, pitisha kilo 8 hadi 10 za chenga za madumu, kisha shusha hatua kwa hatua hadi 190 ukiendelea kulisha. Uji wa mwanzo uangushe kwenye beseni la maji, usiuingize kwenye kalibu. Kata donge moja kila dakika chache: ukiona rangi moja, hakuna ganda wala kioo, funga kalibu ujaze. Nguzo ya kwanza ikipoa ipime. Kama umeendelea kulisha inavyotakiwa, itapita kilo 16. Ikibaki 15.4, mdomo umeganda mapema, anza na hita yake.